Safari ya Themanini na Tisa

11 Februari

Baba Nice ameondoka leo. Gari la Ngara limemchukua pale kwenye mteremko wa shule, yeye na mdogo wake Pancras wa kumuuguza, pamoja na begi letu la harusi ambalo zipu yake haifungi. Kutoka Ngara watapanda basi la Mwanza, kwenye hospitali kubwa, kwa sababu figo zake zimechoka na huku kwetu hakuna mashine ya kuzisaidia. Daktari alimwambia ni miezi michache. Hakusema michache ya nini, na mimi sikuuliza.

Nimeolewa na mwalimu wa hesabu, Mungu anisamehe. Wenzangu wakiagana na waume zao hulia. Huyu wangu alinishika mkono akaandika 89 kwenye kiganja changu kwa kalamu ya mpira, mbele za watu. Akasema nigeuze namba, nijumlishe na yenyewe ilivyokuwa, niendelee hivyo hivyo mpaka nipate inayosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Hamsini na sita hufika mara moja: 56 na 65 ni 121. Nyingine huchukua mizunguko miwili mitatu. Ipo moja, 196, ambayo watu wameigeuza kwa kompyuta hadi ikawa na mamilioni ya tarakimu na haijafika, wala hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba haitafika kamwe. Hiyo alinikataza nisiiguse.

"Themanini na tisa inafika," alisema, "ila ina safari ndefu. Tutapokezana kwa meseji, hatua yangu, hatua yako. Ikifika, na mimi nitakuwa nimefika nyumbani."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hesabu ya kidato cha nne nilipata F, na sikuwahi kuijutia mpaka leo.

13 Februari

Meseji yake ya kwanza kutoka Mwanza: 187. Hakuna salamu, hakuna habari ya safari. Nikageuza 187, nikapata 781, jumla 968. Nimemtumia. Nimejiona msomi.

16 Februari

Tumepanda maharage na mama mkwe, shamba la kule bondeni. Mama Ildefonsa ana umri wa kupumzika, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemchoka. Analima bila kuinua uso, na akiinua ni kukuonyesha ulipokosea.

Leo tumegombana. Mhudumu wa afya wa kijiji alipita anauliza habari za kaya, akamwamkia mama, akamuuliza ana watoto wangapi. Mama akajibu kumi na watatu. Mimi nikadakia kwamba walio hai ni sita. Nilidhani nasaidia, maana binti wa watu alikuwa amekwisha kuandika. Mama akanitazama, akarudi kwenye jembe lake, na hajaniambia neno tangu hapo. Hata ugali wa jioni amenisogezea kwa kumtuma Nice.

Kwa Wahangaza mtoto wa saba huitwa Nyandwi. Ndiyo maana mume wangu ana jina hilo. Lakini wa tatu alikufa kwa surua, wa nne alizaliwa hapumui, na wengine watano kila mmoja na lake. Huwezi kuhesabu makaburi ukasema ni watoto. Hesabu ni hesabu.

19 Februari

Mvua. Mama amenisemesha, kunijulisha kwamba nimeacha kuku nje.

2 Machi

Baba Nice: 1837. Mimi: 9218.

7 Machi

Simu imenichezea tena. Huku Murusagamba mtandao wa Burundi unavuka mpaka bila pasi, ukiingia kwenye simu unarudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa sababu wenzetu wako nyuma yetu. Nimefika shuleni vipindi viwili vimepita, mkuu ananisubiri mlangoni. Nimecheka mwenyewe. Mwaka jana nilimcheka Pancras alipochelewa kipaimara cha mtoto wake kwa sababu hiyo hiyo, nikamwambia mtu mzima haamshwi na Bujumbura.

Mama haangalii simu. Ana jogoo.

15 Machi

17347. Nikamjibu 91718. Anasema siku za mashine anarudi kitandani amekamuliwa kama nguo, na siku isiyo ya mashine ndiyo anapiga hesabu. Kwa hiyo sasa nikiona namba najua ni siku nzuri. Nikiona kimya najua nacho ni nini.

24 Machi

Kimya.

25 Machi

Kimya. Maharage yametoa majani matatu matatu.

26 Machi

173437! Nimepiga kelele darasani. Kidato cha pili wanadhani nimeshinda bahati nasibu.

6 Aprili

Amenipigia, sauti ndogo lakini ile ile ya kufundisha. Alitaka kujua kama nimeona kitu kwenye namba zetu. Nikamwambia nimeona zinakua. Akacheka mpaka akakohoa.

Akanieleza. Kila namba tuliyoandika, tangu 187, inagawanyika kwa kumi na moja. Themanini na tisa yenyewe haigawanyiki, lakini ukiijumlisha na 98, tisa na nane zinakutana kulia, nane na tisa zinakutana kushoto, kila upande kumi na saba, na hiyo ni kumi na saba mara kumi na moja. Kuanzia hapo kumi na moja haitoki tena. Ukigeuza namba inayogawanyika kwa kumi na moja, kinyume chake nacho kinagawanyika. Ukijumlisha viwili hivyo, vilevile. Akanipa kipimo: jumlisha tarakimu moja moja kwa kuruka, ya kwanza, ya tatu, ya tano, kisha zile ulizoziruka, toa ndogo kwenye kubwa. Ukipata sifuri, kumi na moja au ishirini na mbili, uko njiani. Ukipata kingine, umepotea.

"Namba inayosomeka sawa pande zote, yenye tarakimu shufwa, lazima igawanyike kwa kumi na moja, haina ujanja," alisema. "Yenye tarakimu witiri halazimiki. Yetu itakuwa witiri, lakini kumi na moja itakuwemo, kwa sababu imetoka nayo nyumbani."

Nikamwambia basi amekwisha kunitajia mwisho wa hadithi. Akasema hajanitajia kitu. Nilitaka kumwambia nampenda, nikamwambia maharage yamechanua.

20 Aprili, Pasaka

Misa ndefu. Mama kavaa kitenge alichonunuliwa na Nyandwi, na amemwombea kwa Kihangaza kwa sauti kanisa zima likasikia. Nilizoea kumwonea aibu akifanya hivyo. Leo nilisimama karibu yake.

Tumefika 8872688. Tazama mwanzo na mwisho wake, 88 na 88. Kidogo tu ingefika.

28 Aprili

85189247 ni yangu. Yake, 159487405, imechukua siku nyingi kuja. Mvua haikatiki, barabara ya Kibimba imeoza. Nimemjibu 664272356.

Pancras amenipigia kwa siri, kutoka nje ya wodi. Anasema madaktari wamebadilisha namna ya kuzungumza naye. Zamani walimweleza, sasa wanamgusa bega. Nimemwambia asimwambie mama. Mama alikuwa mlangoni pangu ananiangalia, na nadhani amejua.

4 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama ni zuri.

Namba yake imekuja: 1317444822. Nikaipima kama alivyonifundisha. Upande mmoja kumi na mbili, upande wa pili ishirini na nne, tofauti kumi na mbili. Nikapima tena, nikadhani nimeruka vibaya. Nikajumlisha mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Katikati kabisa saba na saba zinakutana, kumi na nne. Andika nne, beba moja. Hakubeba. Nyandwi, ambaye anajumlisha risiti ya duka kabla mwenye duka hajamaliza kuiandika, amesahau kubeba moja.

Nilikaa na simu mkononi mpaka mwanga wake ukazima. Nikamwona kitandani anahangaika na zile tarakimu, anafurahi amemaliza. Nikashindwa. Nimegeuza hiyo hiyo mbovu, nikajumlisha, nikamtumia 3601891953, na chini yake nikaandika: Hongera, mwalimu. Kisha nimelia kama mtoto, kwa sababu nilijua tumekwisha kuiacha njia.

5 Mei

Kimya.

8 Mei

Kimya. Maganda ya maharage yanaanza kuwa ya njano.

10 Mei

Pancras amepiga, safari hii hakujificha. Wamewaruhusu. Anasema wamesema tumpeleke nyumbani, na mimi nilishangilia kwa muda mfupi sana, kisha nikaelewa.

Wanakuja kwa gari la kukodi, watalala Biharamulo kwa dada yao Eustakia kwa sababu hawezi kukaa kwenye gari hadi huku kwa siku moja. Nimeona nisingoje, nitamfuata Biharamulo kesho kutwa wakishafika. Gari la Murusagamba linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mama atabaki na Nice.

15 Mei

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuirudia kichwani.

Usiku wa tarehe kumi na moja Eustakia alinipigia wakiwa wameshafika. Nyandwi alikuwa amelala, wakasema anapumua vizuri. Nikaweka kengele ya simu saa kumi kamili, nikalala na nguo za safari.

Nikasikia mama anagonga. Nje giza. Akasema, "Mama Nice, amka mwanangu. Jogoo wa pili amewika."

Nikaangalia simu. Saa tisa na nusu. Nikamjibu, na maneno haya nitayakumbuka mpaka naingia kaburini, "Mama, jogoo wako hajui saa. Bado mapema." Nikamsikia anasimama kidogo pale mlangoni, kisha akaenda zake. Nikalala tena.

Nilipofika stendi gari lilikuwa limeondoka. Muuza chai alikuwa anakoka moto, akaniambia saa kumi na moja na nusu hii, mwalimu, ulikuwa wapi. Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama, akasema polepole, "Hiyo ni saa ya Burundi."

Mimi. Mimi niliyemcheka Pancras.

Gari lililofuata liliondoka saa mbili. Njia nzima tope. Karibu na Nyakahura mtandao wetu ulirudi, na meseji yake ikaingia, ya jana yake usiku. Naiandika kama ilivyo: "Mama Nice, ile 1317444822 ni mbovu. Wewe una kipimo, uliiona ukanyamaza. Usinihurumie kwenye hesabu, huko ndiko nilikokuwa bado mzima. Rudi pale katikati ubebe moja. Nakusubiri hapa kwa dada."

Nikatoa kalamu, nikafanya kwenye kiganja, gari linaruka, jirani yangu anaweka kikapu chake magotini asinisukume. 1317544822. Nikapima: kumi na tatu na ishirini na nne, tofauti kumi na moja. Nikamtumia. Nikaandika: Nisamehe, nimerudi njiani, nakuja.

Alikata roho saa tano. Nilifika saa nane. Eustakia alinipokea barabarani na nikajua kabla hajafungua mdomo, maana alikuwa peku. Aliniambia gari la alfajiri lilipita pale saa tatu na nusu. Nyandwi alisikia honi yake akauliza kama ni mimi. Wakamwambia bado. Akauliza tena baadaye kidogo. Wakamwambia niko njiani.

Simu yake ilikuwa kwenye kimeza, karibu na mto. Meseji yangu ilikuwamo, haijafunguliwa. Eustakia alisema ililia wakati wanamfunika.

17 Mei

Tumemzika jana karibu na baba yake. Mvua ilinyesha na hakuna aliyeondoka. Wanafunzi wake waliimba.

20 Mei

Tuko kwenye matanga. Kwa desturi yetu hakuna mtu wa nyumba hii kugusa jembe wala kuvuna mpaka matanga yaanuliwe, na majirani hawaingii shambani kwetu bila sisi. Maharage yamekauka na mvua inayanyeshea. Pancras amekwenda kuchungulia, amerudi na ganda moja. Mbegu zimeota humo humo ndani. Ameliweka juu ya jiwe. Sina uchungu na maharage. Najaribu kuwa nao, nione kama bado naweza kusikitikia kitu kingine.

22 Mei

Nimemwambia mama. Nilishindwa kukaa naye mkeka mmoja bila kumwambia. Nilisema, "Mama, ulikuja kuniamsha. Ungemwona mwanao angali hai kupitia macho yangu, na mimi nikakudharau." Nilitaka anitukane. Akawa anachambua nyuzi za kanga yake. Kisha akasema nimekonda, nile.

Hajamwambia mtu mwingine yeyote. Ningekuwa mimi, wilaya nzima ingejua. Miaka yote hii nilimwita mkali, na ukali wake wote sijauona ukitoka pale ambapo kweli ungeuma.

26 Mei

Leo nimemaliza.

Nilianza na 1317544822 na nikapiga peke yangu, hatua yake na hatua yangu. Kila hatua nimeipima kwa kumi na moja. 3602001953. 7193004016. Nilipochoka nilikwenda kukaa nje na wanawake, nikarudi. Kwenye hatua zake nilijikuta nangoja, kama vile simu italia. 93445163438. Zikapita mabilioni mia. 955594506548. Ikaja moja ambayo ilikuwa ya kwake kwa zamu, 1801200002107, na kwa namna sifuri zilivyojipanga nikahisi iko karibu. Nikageuza. Nikajumlisha. Hakuna hata mahali pa kubeba, saba na moja, nane na sifuri, hizo tu ndizo zinakaribia kumi, lakini hazifiki.

8813200023188.

Trilioni nane, bilioni mia nane kumi na tatu, milioni mia mbili, elfu ishirini na tatu, mia moja themanini na nane. Soma kutoka kushoto, soma kutoka kulia. Kipimo: ishirini na mbili upande huu, ishirini na mbili upande ule, tofauti sifuri. Zote pamoja arobaini na nne. Imefika.

Tarakimu kumi na tatu. Nilizihesabu kwa kidole ili kuona kama ni witiri kama alivyosema, na kidole kikasimama katikati. Ya saba. Ukianza kushoto ni ya saba, ukianza kulia ni ya saba. Sita kabla, sita baada. Na pale mahali pa Nyandwi pana sifuri.

Sijui kama alijua. Aliujua mwisho, hilo hakika. Aliichagua 89 akijua inapofika. Kama aliona na hiyo, hakuniambia, na sasa nimebaki na swali ambalo hakuna wa kulijibu. Nimemkasirikia. Nimemkasirikia kwa kufa, kwa kunitania mbele za watu kwenye mteremko wa shule, kwa kuniachia namba badala ya kuniachia yeye.

Baadaye, hasira ilipotua, nikafanya kitu ambacho angefanya yeye. Nikaifuta ile sifuri ya katikati nione kinachobaki. 881320023188. Bado inasomeka sawa pande zote. Bado inagawanyika kwa kumi na moja, sasa hata kwa lazima, maana imekuwa shufwa. Mtu asiyejua angesema hakuna kilichopungua, kwani umetoa nini, umetoa sifuri. Lakini trilioni zimetoweka. Nane ya mwanzo iliyokuwa trilioni nane imekuwa bilioni mia nane, na kila iliyokuwa upande wa kushoto imeshuka pamoja nayo. Sifuri ile haikuwa na kitu ndani yake, na ndiyo iliyokuwa inazishika zote mahali pake.

Nikairudisha. Nimeiandika tena kwa wino, kubwa, ukurasa mzima.

1 Juni

Tumeanua matanga leo. Mama ametoa majembe ndani, amempa Pancras la kwanza, mimi la pili, Nice kile kijembe chake kifupi, tukaenda bondeni tukapiga ardhi mara moja moja kama inavyotakiwa. Maharage mengi yameharibika. Yaliyosalimika tumeyang'oa, tukayaanika uani, na wanawake wa kijiji cha Murukulazo waliokuja wakatusaidia kuchagua yanayofaa kwa mbegu.

Katekista Celestini aliongoza sala. Ni mgeni parokiani, hatujui sana. Kabla ya kuanza alitaka kuiombea familia ipasavyo, akakaa mbele ya mama akamwamkia, akamuuliza Mungu alimjalia watoto wangapi.

"Kumi na watatu," mama akasema.

Celestini akainamisha kichwa, akauliza kwa upole kama ni hao walio hai. Niliona mikono yake imesimama juu ya ungo wa maharage. Alikuwa ananisubiri mimi, kwa sababu mara ya mwisho swali hili lilipoulizwa nilikuwa na jibu.

"Amesema kumi na watatu, katekista," nikasema. "Nyandwi ni wa saba."

Celestini akasema sawa, akafungua kitabu chake. Mama akausogeza ungo, akajivuta kidogo kwenye mkeka, nami nikakaa.